Bolti Ndani ya Kopo la Maziwa

Kila asubuhi, kabla hata ya kushusha mkoba begani, Macho alimwamkia Bibi. Bibi hakuwa mtu. Alikuwa hadubini ya elektroni, mashine kongwe yenye kimo cha mtu mzima, iliyokaa peke yake katika chumba cha chini cha jengo la sayansi, mahali ambapo sakafu haitikisiki malori yakipita. Pampu yake ya kunyonya hewa ilikuwa na kikohozi cha miaka mingi. Wanafunzi wakikutana na Macho kwenye ngazi walimuuliza, "Bibi kaamkaje leo?" Naye akawajibu, "Kakohoa mara mbili, kanyamaza. Njooni kabla hajabadili mawazo."

Ukitaka kujua Bibi hufanya nini, sahau habari za mwanga. Hadubini za shuleni ndizo zinazotaka mwanga. Bibi hutumia mshale mwembamba wa elektroni unaotembea juu ya kitu mstari kwa mstari, kama mtu anayefagia uwanja asiache hata unyayo, na kila unapopita, picha inajichora kwenye kioo. Mguu wa mbu, chavua ya ua, jino lililooza, saruji iliyopasuka, bomba lililotoboka, vyote vilishapita mikononi mwa Macho. Alivibandika kwenye kisahani cha alumini kwa utepe mweusi, vile visivyopitisha umeme akavipaka dhahabu nyembamba kuliko pumzi, akavifungia ndani, akasubiri hewa itoke. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na mmoja, na hapakuwa na mwingine pale chuoni aliyejua kumbembeleza Bibi.

Jina la Macho alipewa na mjomba wake. Mama yake alifariki yeye akiwa binti wa miaka sita, mjomba akamchukua, na kwa kuwa hapakuwa na pa kumwacha mchana, alimlelea gereji. Nati ikidondoka chini ya gari, mafundi wazima wakipiga magoti na tochi, yule mtoto alikuwa ameshaiona. "Mnajisumbua bure, muulizeni Macho," mjomba alisema, na jina likaganda.

Mjomba naye alikuwa na lake, Fundi Pamba, kwa sababu hakuonekana hata siku moja bila kipande cha pamba ya kufutia kikining'inia mfuko wa nyuma. Mafundi wengine walimcheka. Walisema akifa, Mungu azifiche mbawa za malaika, la sivyo atazifuta mpaka ziishe manyoya. Lakini kipuri kilichotoka kwa Fundi Pamba kilitoka kimeoshwa kwa dizeli, kimepigwa brashi ya waya, kimepitishwa msasa laini, kimefutwa. Na hakikurudi kwa mwenyewe mpaka kipite kwa mtoto. Mtoto alikigeuza huku na huku, akakunja uso kama mkaguzi wa serikali, kisha akainamisha kichwa mara moja. Hapo ndipo mjomba alipotosheka.

"Kitu kichafu hakitoki mkononi mwangu," alikuwa akimwambia. "Mtu akikupa kazi chafu amekutukana, Macho. Hata kama ameifanya vizuri."

Yashike hayo, maana balaa lenyewe lilianzia hapo.

Uzeeni Fundi Pamba aliacha gereji, akaajiriwa na kampuni moja ya ujenzi kutunza winchi za kupandishia mizigo. Jumanne moja asubuhi, bolti iliyoshika kapi la juu kabisa, lile gurudumu la kupitishia kamba, ilikatika vipande viwili, na kizimba cha mizigo kikaporomoka kutoka ghorofa ya sita na vibarua wawili ndani. Wote wawili walikufa pale pale. Mmoja alikuwa ameanza kazi siku iliyotangulia.

Kampuni haikungoja hata matanga yaishe. Ilisema bolti ile ilikuwa na ufa wa miezi, ambao fundi mwenye macho angeuona, na fundi wao mzee hakuangalia. Fundi Pamba akasema, aliikagua Ijumaa na ilikuwa nzima, siku ya ajali msimamizi aliamuru ipakiwe mifuko arobaini ya saruji kwenye kizimba cha mifuko kumi na mitano, na yeye alipokataa aliambiwa, "Mzee, wewe nenda kanywe chai." Vibarua waliokuwepo walikuwa na watoto wa kulisha. Walipoulizwa, walisema winchi ina kelele, hawakusikia kitu.

Ikaundwa tume ya uchunguzi. Nyuma ya tume ilikuwepo mahakama, na nyuma ya mahakama jela, na Fundi Pamba alikuwa na miaka sitini na saba.

Likabaki jambo moja la kumwokoa, nalo Macho alilijua kuliko mtu yeyote. Chuma kikivunjika kinaandika kisa chake kwenye uso uliovunjika. Bolti iliyozidiwa na mzigo ikakatika kwa mara moja huacha vishimo vidogo vidogo vilivyosongamana kama sega la nyuki. Bolti iliyochoka taratibu, siku baada ya siku, huacha mistari myembamba iliyofuatana, kila mstari hatua moja ya ufa. Jicho tupu halioni tofauti hiyo vizuri. Bibi huiona.

Kipande kimoja cha bolti kilibaki juu kwenye winchi, kikapelekwa stoo ya kampuni, na stoo ikakimeza. Cha pili kilianguka mchangani. Kuhusu hicho, mkaza mjomba alimpigia Macho simu siku ya tatu, kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea msibani.

"Mjomba wako kakiokota. Hajamwambia mtu. Anasema akiwapa wale watakipoteza kama kile kingine. Kakitia kwenye kopo la maziwa, kaliweka juu ya kabati. Anakitunza, mwanangu, kama mboni ya jicho."

"Mwambie asikitoe mpaka siku ya tume," Macho alisema, na moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kesho yake alikwenda kwa Profesa, mkuu wa maabara, mtu mkavu, mwadilifu mpaka anachosha. Alimweleza yote, kwamba fundi ni mjomba wake, tena ndiye aliyemlea.

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kipande kitaletwa hapa, kwa sababu hakuna mashine nyingine. Mimi ndiye nitakayesaini. Wewe utaendesha, kwa sababu mimi siwezi. Lakini toka leo usizungumze naye. Si kwa simu, si kwa salamu za watu. Wakili wa kampuni akigundua mmeongea hata habari za mvua, ripoti yetu ni karatasi ya kufungia karanga."

"Nimekuelewa, Profesa."

"Hata mke wake."

"Hata mke wake."

Na akatii. Wiki tisa hakukanyaga kwa mjomba. Mkaza mjomba alipopiga simu, Macho aliiacha ilie mpaka ichoke yenyewe. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Macho alilisikia la mkuu, na guu lililovunjika lilikuwa la mjomba wake.

Kikao cha kwanza cha tume, Fundi Pamba alisimama na kopo lake la maziwa, akalikabidhi mbele ya watu wote. Tume ikatia kipande kwenye mfuko, ikapiga lakiri, ikakituma chuoni. Jumatatu saa tatu asubuhi Profesa alikata lakiri mbele ya Macho na karani wa tume, akamimina kilichokuwemo juu ya karatasi nyeupe.

Kilikuwa kinang'aa.

Chuma kilichovunjika karibuni huwa cha kijivu, kina chembechembe, na baada ya wiki tisa kingekuwa na kutu ya kahawia, jambo ambalo Macho alikuwa amejiandaa nalo, maana kuna dawa za kutoa kutu bila kugusa kilicho chini yake. Kile kiling'aa kama kijiko cha wageni. Macho alikitazama, na kabla hajawasha chochote, kabla Bibi hajakohoa, alishautambua mkono uliopita pale. Aliijua kazi ile. Aliijua kama mtu anavyoujua mwandiko wa mzazi wake.

"Huenda chini yake kuna kitu," Profesa alisema polepole.

"Huenda," Macho alisema.

Alikibandika. Akafunga mlango wa chumba cha Bibi, akasikiliza pampu ikivuta. Ilikohoa, ikakohoa tena, ikatulia. Akawasha mshale, akasogeza picha.

Mikwaruzo. Ilianza ukingo huu ikaishia ukingo ule, imelala upande mmoja, sawasawa, imepangwa na mkono usio na haraka. Akakuza mara mia tano, ikawa mitaro. Akakuza mara elfu mbili, akaona jinsi brashi ya waya ilivyoikokota ngozi ya chuma na kuifunika juu ya kila kilichokuwepo, na jinsi msasa ulivyokuja nyuma yake kulainisha. Hapakuwa na vishimo wala mistari. Palikuwa na usafi tu.

Alilia, na hakuficha. Alilia huku mkono mmoja ungali kwenye kitufe cha kusogezea, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe. Simu moja. Sentensi moja: Mjomba, usikiguse, kiache hivyo hivyo na mchanga wake. "Anakitunza," mkaza mjomba alimwambia kwa mdomo wake, na yeye, aliyekulia miguuni pa mzee yule akimtazama anavyotunza vitu, akafurahi, asiulize anakitunzaje. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu alizaliwa na meno yote.

Alitafuta siku tatu. Aliugawa uso ule miraba mia nne, akaupitia mraba kwa mraba, akila mkate amesimama. Jumatano mchana, pembeni kabisa, ndani ya bonde la uzi wa bolti, ule mfereji wa kuzungushia nati, ambako waya wa brashi haukuweza kupenya, alipata kiraka kimoja kidogo kuliko punje ya chumvi. Akakikuza.

Vishimo. Vimesongamana, vizuri, vipya, kila kimoja na ukingo wake mkali. Sega la nyuki.

Alipanda ngazi mbili mbili kumwita Profesa. Profesa akaja, akakaa mbele ya kioo, akatazama kwa muda mrefu sana.

"Alisema kweli," Macho alisema. "Ilikatika kwa mzigo. Si unaona?"

"Naona." Profesa hakugeuka. "Na bolti iliyochoka miezi sita inamalizikaje? Ufa unakwenda, unakwenda, mwisho kinabaki kipande chembamba ukingoni. Hicho hukatika kwa ghafla. Hicho nacho kina vishimo. Wewe ndiye unayewafundisha wanafunzi hayo."

Ilikuwa kweli, na Macho alikuwa akiwafundisha kila mwaka kwa mchoro ule ule ubaoni.

"Ingekuwa katikati ya uso, ningesaini sasa hivi," Profesa alisema. "Ukingoni, haina maana yoyote. Samahani, mama." Hakuwahi kumwita mama kabla ya siku ile.

Alipobaki peke yake, Macho alifungua kabati la picha za zamani ndani ya kompyuta. Zilikuwepo bolti za miaka yote, za mabasi, za madaraja, za mashine za kusaga. Alipata moja ya unene ule ule, vishimo kutoka ukingo hadi ukingo. Kukata sehemu ya katikati, kubadili namba ya picha na kudai amepata kiraka kingine ni kazi ya dakika moja, na Profesa, ambaye hakujua kuendesha mashine, angesaini. Alikaa na kidole juu ya kitufe mpaka kioo kikazima chenyewe. Kisha akafunga kompyuta. Hakujua kama ule ulikuwa uadilifu au woga, na hakuna aliyemwambia hata baadaye.

Ripoti ilisainiwa, ikatiwa lakiri, ikaenda. Siku moja kabla ya kikao, baada ya kutoka kazini, jua lingali juu, Macho alikwenda kwa mjomba. Hakukuwa na cha kulinda tena. Njiani alijipanga: atamwambia yeye mwenyewe, asije akayasikia mbele ya watu.

Mkaza mjomba alimfungulia, akamkumbatia asiseme neno la wiki tisa za kimya. Fundi Pamba alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anapaka rangi viatu vya kesho.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Macho! Marahaba! Nilijua ukinyamaza unafanya kazi. Nilimwambia huyu, acha kumsumbua mtoto kwa simu, yuko na mashine yake." Alicheka mpaka akakohoa. "Bibi yenu ndiye mwenye kikohozi au mimi? Kaa. Mletee chai huyu."

Alikuwa amekonda, shingo ikicheza ndani ya kola, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyelala vizuri. Macho alivuta pumzi. "Mjomba, ile bolti..."

"Ulikiona kile kipande?" Mzee aliinama mbele, macho yakimetameta. "Najua huruhusiwi kusema umeona nini, nami siulizi hilo. Nauliza kazi yangu. Uliiona?"

"Niliiona."

"Kila Jumapili, baada ya chai. Dizeli, brashi, msasa laini, pamba. Kutu haikupata hata pa kukanyaga. Mvua zote zile, unyevu wote ule, na chuma kilichovunjika kinavyopenda kutu! Nikawaza, kinakwenda kwenye mashine ya mtoto wangu, mashine inayoona mguu wa mbu. Nimpelekee uchafu, wenzake waseme mjomba wake ndivyo alivyo?" Alinyanyua kiatu, akakigeuzageuza kwenye jua. "Hawa watu wa kampuni wameniita mzembe, Macho. Miaka arobaini na nne. Nimeshasahau matusi mengi, hilo limekwama hapa." Alijigusa koo. "Lakini nalala. Wewe ndiye unayenifanya nilale."

Chai ikaja. Macho akaishika kwa mikono miwili. Maneno yalikuwepo yote, yamepangwa kama alivyoyapanga njiani. Aliyatazama yakipoa pamoja na chai.

"Chai nzuri," alisema.

Getini, mkaza mjomba alimshika mkono. Alimwangalia usoni, maana macho hayana pazia. "Mwanangu. Kuna nini?"

"Mlaze mapema, Mama," Macho alisema, akaondoka upesi. Alijilaumu njia nzima, akageuka mara mbili, na mara mbili akaendelea mbele.

Kikao kilikaa saa nne asubuhi katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kwa shida. Mbele, wajumbe watatu. Kulia, msimamizi na wakili wa kampuni. Kushoto, mama wa mmoja wa marehemu na watoto wawili. Fundi Pamba alikaa safu ya kwanza, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa, pamba mpya mfukoni. Macho alikaa nyuma karibu na mlango, pembeni ya Profesa.

Katibu aliisoma ripoti kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Kipimo cha bolti. Aina ya chuma. Halafu: "Uso uliovunjika umesuguliwa wote kwa brashi ya waya na msasa, mara nyingi, baada ya kuvunjika. Alama za mvunjiko zimefutika. Haiwezekani kujua kama bolti ilikatika kwa mzigo au kwa ufa wa siku nyingi. Uchunguzi hauwezi kurudiwa."

Wakili wa kampuni akanyanyuka taratibu, akifunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa mwenyekiti, ningeomba tume ijiulize, ni nani mwenye sababu ya kufuta alama hizo."

Mwenyekiti alivuta kipaza sauti. Hakuwa mtu mbaya, alionekana amechoka. "Kipande hiki kilikabidhiwa na fundi. Kabla ya hapo kilikuwa kwa nani? Na ni nani aliyekisugua?"

Wakili alikuwa na maswali mengine mezani, karatasi nzima, ya kumbana mzee hatua kwa hatua mpaka akiri.

Fundi Pamba alisimama. Hakubanwa na mtu. Katika yote yaliyosomwa alishika lile alilolijua: kwamba wataalamu wa chuo, na mashine yao, wameona kazi ya mkono wake, na sasa mheshimiwa anamtaka mwenye kazi ajitokeze. Alinyoosha mgongo, akanyoosha na shati.

"Ni mimi, mheshimiwa," alisema, na sauti ilifika mpaka mlangoni. "Kwa mikono yangu hii. Kila Jumapili."

Wakili alizitazama karatasi zake, akazikusanya, akakaa. Hakuwa na la kuuliza tena. Mama wa marehemu akaanza kulia. Katibu alikuwa anaandika.

Fundi Pamba aligeuka, akatafuta kwenye safu za watu mpaka akampata Macho kule nyuma, akasubiri, kama alivyosubiri gereji miaka yote ile na kipuri mkononi. Macho hakuweza kuutazama uso ule. Aliinamisha kichwa.

Mzee akaona ameinamisha kichwa. Akatabasamu, akakaa.